Nani Anaosha Mapipa Haya?

Haya, mmenishinda. Tangu nirudi, kila nikikutana na mmoja wenu pale sokoni Kitale swali ni lile lile: Chebet, ati ulipelekwa Afrika Kusini kuonja mvinyo, na ulirudi na akili zako? Nilirudi nazo zote, asanteni. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu namwambia habari ya kibuyu, yule habari ya suti ya Wafula, kisha mnakutana mnabishana nani amedanganywa. Nimeamua kuandika yote. Mambo ya pasipoti na tiketi nitayaruka, maana hayana utamu hata kidogo.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Wakati ule nilikuwa nasimamia chumba cha kulia katika hoteli moja hapa Kitale, lakini nilianzia jikoni nyuma, naosha glasi. Miaka sita mikono ndani ya maji. Kazi ile ilinifunza kwamba mgeni anaweza kukusifia kwa mdomo mpaka ukaona haya, lakini glasi yake haijui adabu. Itarudi na ukweli. Mwaka jana nikaona glasi za mvinyo mweupe zinarudi nusu, kila siku nusu. Mvinyo wenyewe uliletwa na muuzaji fulani, na ulinuka mbao kama karakana ya seremala. Nikaenda kwa mwenye hoteli, Madam Naliaka, nikamwambia. Akaniuliza, basi wewe unataka upi? Nikasema nataka mwepesi, wenye ukali wa kuamsha ulimi, na mbao iwepo lakini isitangulie mlangoni.

Madam alikuwa anafungua hoteli ya pili, Bungoma. Akasema niende mwenyewe nikachague, kule kwenye mabonde ya baridi nyuma ya Cape Town, na niende na Wafula, mpishi wetu mkuu. Nikichagua vizuri, chumba cha kulia cha Bungoma ni changu. Nikikosea, kuna bwana mmoja wa Nairobi mwenye cheti cha mambo ya mvinyo anayeitaka nafasi hiyo hiyo, na yeye ataichukua. Alisema bila ukali wowote, anakunywa chai. Mimi usingizi uliniisha wiki nzima.

Kwanza, Kwanza

Kabla ya kuondoka nilipita kijijini kwetu Kwanza kumuaga Kogo, nyanya yangu aliyenilea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao watu wanahifadhi kinywaji chao ndani ya mti. Nikasema ndiyo, ndani ya mapipa. Wanayachoma kwa ndani kwa moto? Nikasema nimesoma kwamba wanayachoma. Akacheka. Akasema basi sasa mwoga wa nini, na hiyo ni kazi umeiona tangu ukiwa mgongoni.

Wasiojua mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, nyumbani kwetu inatengenezwaje, ni hivi. Kibuyu kinaoshwa, kinakaushwa, kisha unaingiza kijiti chenye moto na kusugua ndani mpaka kuta zishike masizi. Ukisugua sana, maziwa yanakuwa machungu. Ukisugua kidogo, yanapooza. Na kwa Kogo kuna desturi moja: mgeni akiyaona maziwa ni mazuri hayasifii maziwa. Anainuka, anakwenda jikoni, anauliza nani ameosha kibuyu hiki, na akimpata anamsalimu kwa mikono miwili. Nimekua nikiona hivyo, wala sikujua kwamba kuna mahali watu hawafanyi.

Kogo akanipa kibuyu kitupu, kimesuguliwa tayari, kimefungwa kwa leso. Hakuna mtu wa kwake anayekwenda ugenini mikono mitupu, akasema.

Moi's Bridge

Tuliondoka Kitale asubuhi na gari la hoteli, tuwahi ndege Eldoret. Hatukufika mbali. Kabla ya Moi's Bridge lori la mahindi lilikuwa limevunjika ekseli, limelala kukata barabara, na magari yamejipanga pande zote mbili. Dereva wetu akazima injini, akatoa gazeti. Wafula akatoka nje na suti yake ya kwaya, maana alisema hawezi kupanda ndege amevaa ovyo, akaanza kuwafokea watu wa lori kama vile ekseli itasikia.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara. Nilinunua mawili, nikamweleza shida yangu, hata sikujua kwa nini. Akampigia simu shemeji yake mwenye trekta. Baada ya robo saa tulikuwa juu ya trela, mimi na kibuyu na masanduku, tunapita katikati ya mashamba kwa njia ya matope, Wafula amesimama kulinda suti. Upande wa pili yule shemeji akatutafutia mchungaji wa kanisa aliyekuwa anaelekea Eldoret na gari lake. Mama wa mahindi sikuuliza hata jina. Kama yuko mmoja wenu anayempitia pale, amwambie tulifika.

Nairobi, na yule afisa wa Cape Town

Nairobi ndege ya kwenda kusini ikachelewa. Kwanza saa mbili, kisha nne, kisha wakaacha kutuambia. Mke wa Wafula alikuwa amemfungia chapati na kuku wa kukaanga, na Wafula, bwana mwenye kelele lakini asiye mchoyo, akaufungua ule mkebe akawalisha watu wote wa mstari wetu, pamoja na mzee mmoja wa Malawi aliyekuwa anakwenda kumwona mtoto wake hospitalini. Tulipoitwa hatimaye, yule mzee alituombea kwa Kichewa, dua ndefu. Hatukuelewa neno, tukasema amina.

Cape Town walinisimamisha kwa sababu ya kibuyu. Kijana wa ukaguzi alikigeuza, akatia kidole ndani, kikatoka cheusi. Akaniangalia kama mtu aliyemshika mwizi. Nikaeleza: ni cha maziwa. Maziwa meusi? Hapana, meupe. Na hii nyeusi ni nini? Ni mkaa. Unaweka mkaa kwenye maziwa? Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Wafula naye akaingilia kati na Kiingereza cha haraka, mambo yakaharibika zaidi, tukawekwa kando kwenye benchi.

Tulikaa pale mpaka akaja afisa mwanamke, mtu mzima, mkubwa wao. Akakichukua kibuyu, akakipeleka puani, akafumba macho. Akasema kwa Kixhosa kitu nilichosikia neno moja tu, *amasi*. Ni maziwa yao ya kuganda. Akaniambia bibi yake kijijini alikuwa na kibuyu kama hiki, na tangu azikwe hajaonja maziwa yaliyokaa ndani ya kibuyu. Alinifungia ile leso mwenyewe, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi, akatusindikiza mpaka mlango wa nje. Hapo nilianza kuamini kwamba safari hii Mungu anaiona.

Bondeni: siku ya kwanza

Mwezi wa nane huko ni baridi. Ukungu unakaa juu ya bonde mpaka saa nne, mvua nyembamba, matope mekundu, na mashamba ya matofaa yamechanganyika na ya zabibu. Wafula alitetemeka, mimi nikajisikia niko nyumbani. Ilikuwa Kitale ya mwezi wa saba kabisa, kasoro ng'ombe.

Shamba la kwanza lilikuwa la watu wakubwa. Ukuta mzima wa medali. Bwana aliyetupokea alimimina mvinyo wake mweupe uliokaa ndani ya mapipa mapya, akaanza kuutaja: siagi, lozi, vanila, mkate wa kukaanga. Alipotaja kwamba mapipa ni ya mti wa mwaloni, Wafula akaninong'oneza kwamba ndiyo ile mialoni ya Ibrahimu kwenye Mwanzo. Tukaelezwa tuonje kisha tuteme ndani ya ndoo. Wafula akakataa katakata. Kwao Bungoma huwezi kutema kinywaji cha mwenye nyumba mbele ya macho yake. Akameza cha kwanza, akameza cha pili, na kufikia cha nane alikuwa anamwimbia yule bwana wimbo wa kwaya, sauti ya besi, na bwana anapiga makofi.

Mimi nilitema. Na kila nilipotema kilichobaki ulimini ni mbao. Ni ile ile ya Kitale, ila imevaa nguo nzuri zaidi. Nikamwambia Wafula njiani, akashangaa. "Chebet bana, watu wameweka medali ukuta mzima, wewe na ulimi wako wa Kwanza unasema ni mbao? Si tubebe huu, Madam aone medali, tumalize?"

Nitawaambia ukweli: karibu nikubali. Sikuwa na cheti. Siagi na lozi sikuzisikia. Nikalala na mawazo kwamba labda kweli mtu wa kuosha glasi abaki na glasi.

Bondeni: siku ya pili

Shamba la pili lilikuwa dogo, ghala la mabati na nyumba moja. Mwenyewe anaitwa Pieter, kijana mpole, alirithi kwa baba yake. Alitupangia glasi tano mezani bila hotuba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, nzuri lakini zilipita tu. Ya nne nikaiweka mdomoni nikasahau kutema.

Ilikuwa kali, ule ukali wa tofaa bichi na limau, unaofanya mate yaje yenyewe. Halafu nyuma kabisa, ukishameza, kukawa na moshi. Kidogo tu, kama ule unaobaki kwenye kibuyu kilichosuguliwa na mtu anayejua kazi yake. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa na Kogo angefanya. Nikasimama, nikamuuliza Pieter:

"Nani anaosha mapipa haya?"

Pieter akawa mwekundu mpaka masikioni. Akachukua glasi yangu akanusa, akanusa tena. Akauliza nimesikia harufu gani. Nikasema nataka tu kumwona anayeosha. Akatoka, nikadhani amekwenda kumwita. Wafula, aliyekuwa mpishi tangu ujana wake na anajua swali kama hilo jikoni lina maana gani, akanivuta mkono. "Umemwambia mtu pipa lake ni chafu."

Sikupata muda wa kuelewa. Pieter akarudi na mwanamke wa umri wa mama yangu, amevaa gambuti na aproni ya mpira, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto. Wanamwita Anti Lena. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ameosha kama siku zote, hajabadilisha kitu. Nikaona uso wake, nikajua anafikiri anafukuzwa kazi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikazunguka meza. Nikamshika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainama kidogo kama inavyotakiwa. "Mama, nimekuja kukusalimu. Kwetu, kinywaji kikiwa kizuri tunamtafuta aliyeosha chombo."

Akamwangalia Pieter kama vile aulize ni kweli. Kisha akasema, "Naosha hapa tangu wakati wa baba yake. Wageni wanakuja kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Pieter mwenyewe alimvutia kiti. Nikaleta kibuyu, nikamweleza kijiti na moto na masizi. Alitia pua ndani akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hiki ni pipa la mtu mmoja. Basi tukazungumza, sisi wawili, na wanaume wakatusikiliza. Akanieleza kwamba mapipa mapya huwekwa mbele ya ghala kwa sababu wageni wanapenda kuyaona, nayo hutia mbao nyingi. Ile glasi ya nne ilitoka mstari wa nyuma, mapipa yaliyotumika mara nne, mara tano.

"Pipa jipya linaongea sana," akasema. "Haya yameshazeeka, yanauachia mvinyo nafasi."

Akatupeleka nyuma, tukaonja kutoka pipa moja hadi jingine, yeye akigonga kila moja kwa kifundo cha kidole kama anabisha hodi. Kwa pipa la mwisho hata Wafula alitema ili aonje tena vizuri. Nikasema huu. Pieter, ambaye alikuwa mwaminifu kupita kiasi, akanionya kwamba mvinyo wa mstari ule hauna medali hata moja, kwa kawaida wanauchanganya na mwingine. Nikasema huu huu, peke yake. Akatujazia chupa sita za kwenda kumwonyesha Madam.

"Shauri yako," Wafula akaniambia nje. Lakini alisema polepole, na akazibeba chupa yeye.

Kibuyu nilikiacha kwa Anti Lena. Yeye akanipa brashi yake ndogo ya zamani ya kusugulia mdomo wa pipa, nywele zimeisha. Iko dirishani mwangu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwa mvua mpaka Kisumu. Tulipofungua masanduku chupa moja ilikuwa imepasuka, nayo ilikuwa imechagua kupasukia ndani ya sanduku la Wafula, juu ya suti ya kwaya. Tulipofika kwake Bungoma mkewe alifungua mlango, akavuta pumzi mara moja, akamuuliza kwaya ya huko inaimba wapi siku hizi. Nililazimika kula kiapo kwa niaba yake kwamba ni chupa iliyopasuka. Nilipewa chai ya moto na viazi vitamu, nikalazwa kwenye kitanda cha binti yao, na mpaka leo sijui nimshukuru vipi yule mama, maana nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia.

Bungoma

Zilibaki chupa tano. Madam alipanga chakula cha mchana katika hoteli mpya, wageni kumi wa mjini. Bwana wa Nairobi alikuja na mvinyo wake, wenye medali, nami na wangu. Hakuna lebo. Kila mgeni aliwekewa glasi mbili: yenye uzi mwekundu shingoni ni yangu, yenye uzi mweupe ni yake. Sisi wawili tulikatazwa kukanyaga chumba cha kulia. Yule bwana, ambaye kusema kweli alikuwa na heshima zake, alikwenda kukaa bustanini na simu. Mimi sikuweza kukaa. Nikavua viatu vya kisigino, nikakunja mikono, nikasimama kwenye sinki.

Wafula alipeleka samaki wa kukaanga na limau, kisha kuku wa kienyeji. Nikasikia vijiko, nikasikia watu wanacheka, sikusikia neno la maana. Halafu glasi ya kwanza ikarudi. Uzi mwekundu. Imejaa mpaka juu, haijaguswa.

Nikaishika ile glasi nikaona Kitale, nikaona miaka kumi na mbili zaidi ya kuosha glasi, nikaona Kogo anauliza ilikuwaje. Mhudumu aliyeileta akaniangalia. "Si hiyo ni ya Mzee Swaleh wa duka la vitambaa," akasema. "Yeye anakunywa juisi. Hii hapa ya pili yake." Na akaweka yenye uzi mweupe, nayo imejaa. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika sinki.

Kisha zikaja zingine. Uzi mweupe, nusu. Uzi mweupe, nusu na zaidi. Uzi mwekundu, tupu. Mwekundu, tupu. Mweupe, robo tatu. Mwekundu, tupu kabisa, na alama ya mdomo wa mtu aliyeinamisha glasi mpaka tone la mwisho. Niliziosha moja moja, wala sikuhesabu, niliogopa kuhesabu. Tisa nyekundu zilipokwisha kupangwa juu ya kitambaa, zinameta, ndipo nilipoona kwamba kelele za jikoni zimekoma.

Madam Naliaka alikuwa amesimama mlangoni. Tangu nianze kazi kwake sijawahi kumwona akikanyaga sehemu ya kuoshea vyombo. Wafula alikuwa nyuma yake, anaangalia dari, na nikajua mdomo wake haukukaa kimya.

"Nani anaosha glasi hizi?" Madam akauliza.

Nikasema ni mimi, Madam, na mikono yangu imelowa. Akaishika hivyo hivyo, kwa mikono yake miwili.